Makunyanzi ya Elizabeti

Dada Nyamisi,

Nimekaa kwenye benchi lako, lile la mwisho karibu na mlango, lenye mguu mmoja mfupi. Bado linacheza. Niliwahi kuliwekea kigae chini, mtu akakiondoa, nikaacha. Misa ya leo imekwisha, watu wako nje wanakula, nasikia wanakwaya wanagombania ukoko wa sufuria kubwa. Mimi nimebaki humu ndani na daftari la mjukuu wangu. Nimemwambia nitalirudisha, ila karatasi za katikati asiziulize.

Wewe hukusoma. Barua za mwanao Bwire kutoka Mwanza mimi ndiye nilikuwaga nakusomea, na pale alipoandika mabaya nilikuwa naruka, nawe ulijua nimeruka kwa sababu sauti yangu ilipanda. Sasa hii sijui utasomewa na nani. Nadhani huko uliko wasomaji hawakosekani. Mwambie huyo atakayekusomea asiruke kitu.

Umeondoka mwaka mzima na miezi miwili. Kaburi lako tumelipalilia mara tatu, mara ya nne mbuzi wa jirani walitangulia wakamaliza kazi. Mihogo ya upande wa juu imeoza ardhini. Furu hawapo tena ziwani, hata wa kumwonjesha mgonjwa. Ni sangara tu, na malori ya barafu yanafika mpaka hapa Bukima kumchukua, yanampeleka kiwandani, sisi tunauziwa kichwa na mifupa. Ungecheka wewe. Tunanunua kichwa cha samaki ambaye asubuhi tulimwona mzima kwenye mtumbwi wa mtoto wetu.

Na sabuni, Dada. Dukani sasa kuna ya mche, ya unga, ya kunukia, ya rangi ya waridi, zimepangwa mpaka darini, nyingine zimepauka kwa jua. Kila nikipita pale nasimama. Mwenye duka anadhani nataka kukopa. Sitaki kitu. Naziangalia tu, nasema moyoni: mngetufikia wakati ule, hata kipande kimoja.

Wakati ule tulifulia majani ya mpapai. Sufuria tulisugulia majivu na mchanga wa ziwani, na mwili tulijisugua kwa kile kilichopatikana. Wewe ndiye ulinifundisha kuchekecha majivu kwenye kitambaa ili yasikwaruze. Ulinifundisha mengi. Mimi mtoto wa Butiama, wa ng'ombe na uwele, nililetwa huku kando ya ziwa sijui hata kuparua sato. Wanawake wa hapa walinicheka, wakasema mke wa Magesa anamshika samaki kama anashika nyoka. Ukaja uani kwangu na kisu chako, ukakaa, ukaparua samaki wangu wote ukiwa umegeuza mikono ili niione vizuri. Siku ya pili ukaja tena. Siku ya tatu ukaja bila kisu.

Ndiyo maana Padri mzee alipotafuta wanawake wa kutunza kanisa, alitupata wawili pamoja. Yule mzungu, Mungu amlaze pema, alikuwa mkali wa kalenda na mpole wa moyo. Tulifagia, tulifua vitambaa vya altare, tulipangusa vinara. Na lile dirisha la rangi, hili lililo juu ya kisima cha ubatizo hapa nyuma, tuliliangalia tu. Maria anamtembelea Elizabeti. Wanawake wawili wameshikana mikono mlangoni. Ulikuwaga unasema ni sisi: wewe Elizabeti kwa sababu umezeeka mapema, na mimi Maria kwa sababu nimetoka mbali na sijui njia. Padri alikuwa ametuambia wazi, madirisha mengine yote osheni, lile la rangi niachieni mimi.

Mimi ndiye niliyelitaka. Nataka hilo lisomwe polepole. Askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara, na Jumamosi ya wiki ile ndoa yangu ilikuwa ibarikiwe. Miaka kumi na mmoja nilikaa kwenye benchi wenzangu wakienda komunyo, kwa sababu Magesa alikuwa hataki kusikia habari za cheti cha kanisa, na hatimaye alikubali, mwenyewe wajua kwa kuombwa na nani. Ulimfuata mpaka kwenye nyavu zake. Basi nilitaka siku yangu dirisha liwake. Lilikuwa limefunikwa na masizi ya taa na vumbi la miaka, Maria alionekana kama amesimama kwenye moshi wa jikoni. Padri alikuwa amekwenda Musoma kutafuta unga wa hostia. Nikakwambia tumshangaze. Ulisita. Ulisema wazungu hawapendi kushangazwa. Nikapanda juu ya meza.

Majivu yalikuwa yamechekechwa vizuri, hilo nalo tuliseme. Kitambaa kilikuwa kipande cha gauni langu la maua ya njano. Nilianza na nguo ya Maria, na ile bluu ikatoka, Dada, ikatoka kama ziwa la saa nne asubuhi. Wewe ulikuwa chini umeshika meza, unaniongoza. Ukasema kwenye paji la Elizabeti bado kuna masizi, mistari mistari. Nikasugua. Na pembeni ya mdomo. Nikasugua. Na chini ya macho. Elizabeti akapungua miaka kumi hapo hapo. Ukasema hebu mwone, anapendeza. Nikaongeza majivu. Akawa msichana. Tukacheka, ukasema akina mama wa Bukima wakijua watapanga foleni hapa na nyuso zao. Ndipo jicho la kushoto lilipokuja na kitambaa.

Tulikuwa tunafuta makunyanzi yake tukidhani ni uchafu.

Niliposhtuka nikajaribu kupangusa kwa maji, nikaondoa na lile lililobaki. Uso ukawa kioo kitupu. Kupitia pale penye uso niliona kuku wa Padri wakitembea uani. Sikujua, wala wewe hukujua, kwamba rangi ya nguo imo ndani ya kioo chenyewe, imepikwa nacho, lakini sura imechorwa juu kwa brashi. Nguo ukiisugua inang'aa, sura ukiisugua inaondoka. Nani angetuambia? Sisi kitu tulichokijua ni sufuria.

Nilikaa juu ya meza ile siwezi kushuka. Nakumbuka ulininyang'anya kitambaa. Kilikuwa na alama ya kahawia katikati, na kijiji kizima kililijua gauni lile, maana nilikuwa nalo hilo moja. Ukakikunja, ukakichomeka kiunoni, ukaniambia maneno ambayo sijayasahau hata siku moja:

"Mkono ni wako, macho yalikuwa yangu. Wewe una ndoa Jumamosi. Mimi mjane nina nini? Nyamaza."

Nikanyamaza. Ulinitaka ninyamaze wiki moja, nami nikanyamaza miaka kumi na minne.

Padri hakuwa ameshuka vizuri kwenye pikipiki yake ulipomwambia ni wewe. Mimi nilikuwa nimejificha sakristia, nakunja kitambaa cha altare ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. Nilimwona akiingia. Alivua kofia. Alisimama mbele ya dirisha muda mrefu, unga wa hostia bado uko kwapani. Hakupaza sauti, bora angepaza. Alikwambia yale maandishi madogo ya chini, yale ambayo hata mimi sikuweza kuyasoma kwa kuwa ni ya kwao, ni jina la mama yake mzazi. Dirisha lile lilikuwa ukumbusho wake. Mafundi wa kwao walipewa picha ya yule mama, wakamchora Elizabeti kwa sura yake, akiwa mzee. Alisema hana picha nyingine. Kisha akakwambia, taratibu tu, usiguse tena kitu cha kanisa.

Jumamosi nilibarikiwa ndoa yangu, nyuma yangu mwanamke asiye na uso. Wewe ulisimama nje, kwenye mlango huu, ukapiga vigelegele kuliko wote.

Kijiji kikakupa jina. Mama Futa. Alianza nani sijui, ila watoto walilipenda. Ukipita kisimani, Mama Futa. Ukienda kuanika dagaa, Mama Futa, njoo nifute deni. Mlevi mmoja alikuwaga anaficha uso kwa mikono akikuona, anasema nihurumie, nimebakiwa na huu tu. Nawe ulikuwa unaitika. Ulikuwa unasema, "Leta huo uso, una uchafu mwingi." Watu wanacheka, unapita zako. Hakuna aliyekuona ukifika nyumbani. Mimi nilikuona.

Ulihamia benchi hili la mwisho. Kufagia uwanja hukukatazwa, basi ukafagia uwanja, na ukiinua kichwa unaniona mimi ndani na vitambaa vya altare. Kila Kwaresima kwenye Njia ya Msalaba, tukifika kituo cha sita, Veronika anapangusa uso wa Yesu, watu walikuwa wanageuka nyuma kukutazama, wengine wanabana kicheko katikati ya sala. Mimi nilikuwa natazama sakafu. Veronika alipangusa, uso ukabaki kwenye kitambaa, akawa mtakatifu. Mimi nilipangusa, uso ukabaki kwenye kitambaa, ukaitwa wewe Mama Futa.

Nilikwenda kutubu, Dada. Hili hukulijua. Sikuweza kwa Padri wetu, nikaogopa atanitambua kwa sauti. Nilikwenda Bunda, nikamwambia shemeji yako Magesa naenda kuona mgonjwa. Padri wa kule alinisikiliza, akaniondolea, akanipa malipizi rozari tatu, kisha akaniuliza kama yule mwenzangu amerudishiwa jina lake. Nikasema bado. Akasema basi hizo rozari ni rahisi, kazi ni hiyo nyingine. Nilisali zote tatu njiani. Hiyo nyingine nikairudisha nyumbani kama nilivyoondoka nayo.

Na ile ndoa. Wajua iliishia wapi. Sangara alipoanza kutafutwa na kila mtu, Magesa akahamishia nyavu Rukuba, akasema ni msimu mmoja. Kisiwani kule akajenga kibanda, na kwenye kibanda akaweka mwanamke, na msimu haujaisha mpaka leo. Cheti changu kiko kwenye sanduku, kimeandikwa vizuri kwa wino. Siku nilipopata habari ulikuja, ukakaa uani pale pale ulipokaaga na kisu chako. Nilikuwa nasubiri useme. Mwanadamu mwingine yeyote angesema: kumbe ndiyo ndoa niliyotoa jina langu. Hukusema. Uliniuliza kama nimekula.

Siku za mwisho, kifua kilipokubana, nilikuwa nakuja kila siku, na kila siku nilikuwa na neno hilo mdomoni. Kila siku niliona umechoka, nikasema kesho. Nilisingizia uchovu wako, ukweli ni woga wangu.

Kwenye mazishi, mzee aliyesoma wasifu wako alisema tumempoteza mama yetu mcheshi, wengi tulimzoea kwa jina la Mama Futa, na watu wakacheka kidogo kwa mapenzi, kama watu wanavyochekaga msibani. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye shimo. Nilirusha udongo wangu kama wengine.

Baada ya matanga mkweo alinifuata. Alikuwa na kifurushi kidogo cha karatasi ya kaki. Akasema, "Mama alisema hiki ni chako, nikupe mkononi, nisikifungue." Nilijua kabla sijakishika. Maua ya njano yamepauka, lakini alama ipo. Ulikifua kingo zote ukaacha katikati. Miaka yote ile ulikuwa nacho, na siku yoyote ungeweza kukitoa mbele ya watu, ukasema tazameni gauni hili ni la nani.

Nilikiweka sandukuni pamoja na cheti. Na bado, Dada, bado nilinyamaza. Nakueleza yote ili usidhani kitambaa kilinibadilisha siku moja.

Kilichonibadilisha ni jubilei. Parokia iliamua kuweka bamba la terazo ukutani, kumbukumbu ya akina mama waliolitunza kanisa hili tangu mwanzo, walio hai na waliotangulia. Nikawekwa kwenye kamati kwa sababu ya uzee wangu. Majina kumi na mawili. Langu lilitajwa mapema, wakasema Mama Perpetua hana doa. Nikasema kwa sauti ndogo, na Nyamisi je? Katibu, yule Mwalimu Mafuru ambaye wewe ulimfungaga nepi, akainua kalamu, akacheka bila ubaya.

"Mama Futa? Si ndiye aliyemfuta mtakatifu? Tukimwandika huyo, jiwe lenyewe litabaki tupu."

Walicheka wote. Hawakuwa wabaya, Dada. Walicheka kama mtu anavyocheka jambo la zamani lisilomuuma mtu. Na mimi nikaona mdomo wangu umefunguka, na mimi nacheka.

Nilirudi nyumbani nikakaa. Sikupika. Nilijiona nilivyokuwa pale mezani, meno nje. Nikafikiri, nilipokuwa nanyamaza nilikuwa nakuibia. Leo nimekucheka. Baada ya hapa sijui kitakachofuata, na umri nilio nao sina nafasi ya kujua.

Asubuhi nilikwenda ofisini kwa Padri wa sasa, kijana wa upande wa Tarime, ana adabu. Nilikataa kwenda kitubioni, nikamwambia ninachosema nataka kiwe huru kutoka. Nikakitoa na kitambaa. Alikitazama, akasema, mama, haya ni ya zamani, Mungu ameshasahau. Nikamwambia, "Mungu amesahau, Padri. Watu hawajasahau." Akanirudishia kitambaa. Akasema, basi Jumapili, wakati wa matangazo.

Kulikuwa na tangazo la mbuzi aliyepotea, na tangazo la zamu ya kufagia, kisha akaniita. Sikujua kwamba kutoka benchi la mbele mpaka kwenye kipaza sauti ni mbali vile. Nilisema maneno machache. Nilisema aliyefuta uso wa Elizabeti ni mimi, mkono huu. Nilisema Nyamisi alijitwika kwa ajili ya ndoa yangu. Nilisema kitambaa ni hiki, wazee mnalikumbuka gauni. Halafu nikabaki nimekishikilia juu kama bendera. Mlevi yule wa zamani, siku hizi hanywi, alikuwa amekaa upande wa wanaume, akafunika uso kwa mikono yake, na safari hii hakuwa anatania.

Nje, wengine walinisalimia kwa haraka. Mama Sabato, tuliyekuwa tukisali naye rozari, alisimama mbele yangu akasema kumbe miaka yote tulimcheka mtu siye. Tangu siku ile huwa anapita njia ya juu. Simlaumu. Alikuwa anacheka kwa sababu nilimwacha acheke.

Mwalimu Mafuru akaja na jambo lake la ukatibu. Bamba lilikuwa limeshaandikwa mjini. Kumi na mawili, limejaa. Alikuwa na aibu, maskini, anatazama viatu. Nikamwambia niandikie karatasi, nitakwenda mwenyewe.

Nilipanda mtumbwi mpaka Mwigobero. Wewe wajua ninavyoogopa maji, na safari zote nilizowahi kusafiri ziwani ulikuwa umenishika kitenge kwa nyuma. Safari hii nilijishika mwenyewe. Pale Mwigobero mjini Musoma nikapita katikati ya dagaa waliotandazwa, nikauliza, nikampata fundi wa makaburi anayeandika terazo. Bamba letu lilikuwa limeegemezwa ukutani. Jina la tatu, Perpetua Wakuru, herufi nzuri, zimetiwa rangi nyeusi. Sijawahi kuona jina langu zuri vile. Nilikaa kidogo nikalitazama, sitakuficha.

Nikamwambia alizibe, aandike Yustina Nyamisi. Fundi akanitazama juu mpaka chini. Akasema mama, hapa huwa wanakuja ndugu waliogombana wanataka nimwondoe marehemu wa upande mwingine, mimi hiyo kazi siifanyi. Huyu Perpetua amekukosea nini? Nikamwambia Perpetua ni mimi. Akaweka patasi chini. Sijui alifikiri nini, ila aliniletea kigoda. Akahesabu kwa kidole, jina langu herufi kumi na nne, lako kumi na nne. Akasema, "Zinaingia kama zilipimwa."

Nilikaa pale mpaka akamaliza kuziba. Alichanganya saruji na unga wa mawe, akanijaza herufi moja moja, akasugua na jiwe la kunolea mpaka pakawa sawa. Nilikuwa naangalia jina langu likiondoka. Nilidhani itauma zaidi. Nilichokumbuka ni wewe umeshika meza, unaniambia hapo bado.

Leo limefunuliwa. Liko upande wako, chini ya dirisha. Ile herufi yako ya kwanza, ambayo ulikuwa unaijua peke yake ukisema ni kama panda ya kuanikia nyavu, imesimama vizuri. Mkweo alilia. Bwire alikuja kutoka Mwanza amenenepa, akaipapasa kwa kidole. Padri kijana alisema wako watu wanaoweza kulitengeneza dirisha siku hizi, mipaka iko wazi, kila kitu kinapatikana, akaniuliza mbele ya wazee kama nakumbuka ile sura ilivyokuwa. Nilifumba macho kutafuta. Nilipata masizi na mistari, na nyuma ya mistari nikakupata wewe. Nikasema sikumbuki. Sitaki kumwekea yule mama sura isiyo yake mara ya pili. Wakakubaliana pabaki hivyo hivyo.

Sasa jua limezunguka upande wa dirisha. Rangi zimelala sakafuni, bluu ya Maria, nyekundu, kijani cha mlango. Na hapa kwenye benchi lako, Dada, kuna doa jeupe, dogo kama sahani, halina rangi yoyote. Linatoka pale palipokuwa na uso. Miaka yote ulikaa hapa na mimi nikakaa mbele, kwa hiyo sikulijua. Liko juu ya daftari sasa. Kumbe ulikuwa nalo kila Jumapili mchana ukija kusali peke yako, na hukuniambia.

Nimehamia hapa. Nyuma kuna upweke, wenzangu wa mbele hawageuki, na mguu wa benchi unacheza mtu akiwa peke yake. Tulikuwa tunapaswa kukaa wawili.

Jana nilikuwa natoka kisimani, vitoto vitatu vikanifuata. Vimesikia kwa wakubwa wao. Kimoja kikasema taratibu, kinajaribu kwanza, Mama Futa. Vingine vikakimbia. Nikatua ndoo, nikageuka, nikakiitikia. Nikakiambia kilete uso wake, una uchafu mwingi. Kikacheka mpaka kikakaa chini. Nakuahidi nitaliitikia jina hilo mpaka siku nitakayoletwa hapo karibu yako, na nitawajibu kama ulivyowajibu. Hilo dirisha nitaliosha kwa maji matupu na kiganja. Kitambaa nitakizika kaburini kwako leo jioni, pamoja na karatasi hizi, nikishamaliza kuandika.

Lala salama, Dada yangu wa kisu na majivu. Huko najua kuna Elizabeti wawili, yule wa Injili na yule wa Padri, na makunyanzi yao yote yako mahali pake. Ukikutana nao wasalimie. Lakini usiniombee msamaha. Ulishanisemea mara moja ikatosha. La huko nitalisema mwenyewe.

Mimi mdogo wako,
Perpetua Wakuru